Betri Kubwa ya Baba

Sigara ya kwanza ya umeme iliingia nyumbani kwetu ndani ya soksi. Mdogo wangu wa kike anaishi Ubelgiji, na kila anapompata msafiri wa kuja Katanga humbebesha mzigo wetu. Safari hiyo, kati ya chokoleti na dawa za presha, kulikuwa na soksi nene ya kijivu, na ndani yake kifaa cha zambarau kisichozidi kidole cha kati. Kilinukia zabibu. Baba alikipeleka dirishani kwenye mwanga, akakigeuzageuza akitafuta mahali pa kutilia wino.

"Hii kalamu inaandikaka wapi?" aliniuliza.

"Si kalamu, papa. Iko sigara. Unavuta huku, moshi inatoka."

"Moto iko wapi?"

"Haina moto. Iko na batri."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa kuku asiye na miguu.

Baba alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha shaba hapa Shituru, mjini Likasi, mpaka alipostaafu. Babu ndiye aliyetoka Kasai, aliyeandikishwa kuja kufanya kazi migodini, na nyumba ya kampuni tunamoishi ndimo alimokulia baba. Sigara alianza kuvuta stoo, ambako, kwa maelezo yake, hakukuwa na kazi nyingine kati ya lori moja na lori lingine. Mama alipofariki kikohozi cha baba kilizidi. Mdogo wangu huko Ulaya anawahudumia wazee, na kila siku anawaona wanaume wa rika la baba wenye mipira puani. Aliamua, bila kumuuliza mtu, kwamba baba yetu ataacha tumbaku.

Simu yake iliingia jioni ileile. Alimweleza baba namna ya kuvuta, akamaliza hivi: "Na ikizima, papa, unaitupa. Nitakutumia ingine."

"Nitupe nini?"

"Yote. Njo vile inafanyikaka."

Mtu aliyetunza stoo maisha yake yote haambiwi hivyo. Chumbani mwa baba kuna boksi la skrubu zisizo na nati na lingine la nati zisizo na skrubu, na anaamini kwamba siku itafika. Kwa hiyo zambarau ilipozima, hakuitupa. Aliitikisa sikioni, akasikia maji ya ladha yakicheza bado ndani, akatoa hukumu: maji yapo, kilichokufa ni betri.

"Juu ya nini baliweka batri ya kiloko mu kintu ya vile?" aliuliza, akimaanisha betri ndogo kupita kiasi. "Tumbo kubwa, roho ndogo."

Tangu jioni hiyo swali lake likawa moja. Wengine wa umri wake huuliza kuhusu pensheni au mvua. Baba alitaka kujua kama watengenezaji wa sigara za umeme watakuja kuweka betri kubwa, ya kuchajiwa tena, katika kila sigara, au kama betri kubwa itabaki kuwa kitu cha wachache. Alimuuliza mdogo wangu kila Jumapili. Aliniuliza mimi, kwa sababu nafanya kazi katika ofisi ya malori.

Niseme kidogo kuhusu kazi hiyo. Malori yetu hubeba magunia ya unga wa kobalti, na mimi ndiye ninayepiga mihuri kwenye makaratasi kabla dereva hajaondoka. Kobalti ni kitu cha kutengenezea betri. Hilo hata watoto wa Likasi wanalijua. Inatoka migodini Kakanda, inatoka Kamatanda, inapita mbele ya baraza letu ikitutimulia vumbi, halafu inapotea upande wa mpaka. Baba alikuwa akikaa barazani na kifaa chake kilichokufa mkononi, akiyahesabu malori kwa macho.

"Banabeba mulima muzima," alisema siku moja. "Na banarudishia mi kijiko."

Muhuri wangu ulikuwa kwenye mlima ule.

Baada ya miezi michache soksi nyingine ilifika. Hii ilikuwa na kitu kama cha kwanza, ila chini yake palikuwa na kitundu cha waya. Mdogo wangu alieleza kwamba huko kwao zile za kutupa wameanza kuzikataza, kwa hiyo sasa zinakuja za kuchaji. Baba alifurahi kana kwamba wamemsikia. Furaha ilidumu mpaka saa ya chai. Betri ilikuwa bado ndogo, na ilihitaji kulishwa mara kwa mara, na chakula chake ni umeme.

Umeme wa mtaa wetu una tabia za mgeni wa heshima: hausemi utakuja lini, na ukija kila mtu anaacha alilokuwa akifanya. Baba alihamisha kiti chake kutoka barazani, akakiweka kando ya soketi. Courant, yaani umeme, ikija, alichomeka. Ikienda, alichomoa na kuvuta kilichopatikana. Nilimuona mzee wangu akiishi kwa ratiba ya kitu kinachonukia zabibu, nikajiuliza ni nani aliyekuwa akimvuta mwenzake.

Aliniomba nimchajie ofisini, lakini bosi alikwisha kataza kuchomeka chochote kisicho cha kazi, tangu soketi moja ilipoungua. Basi akaenda mjini kumuona muuzaji wa vifaa vya simu, bwana mmoja mwenye miwani na maneno mengi, amuulize moja kwa moja.

"Papa, ukuwe na amani," bwana yule alimwambia, mimi nikiwa kando. "Kesho kesho hii, zote zitakuwa na batri mukubwa. Ya kiloko itaisha. Hakuna muntu ataiuliza tena."

"Kesho gani?"

"Kesho yenye inakuya."

Baba aliridhika na jibu hilo. Sisi watu wa Likasi tumezoea kesho ya aina hiyo.

Sasa, baba alikuwa na jambo lingine lililomkaa moyoni: alitaka kuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu ni la Kipentekoste, la matofali, lenye madirisha madogo na mabati yanayopiga kelele mvua ikinyesha. Mchungaji alikuwa amelitaja jina la baba kati ya wanaofaa. Kila mtu aliafiki, isipokuwa mama shemasi. Huyu ni jirani yetu anayeuza mikate kando ya barabara, na ndiye anayeongoza maombi ya wanawake kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alisimama akasema kwamba nyuma ya choo cha kanisa amenusa zabibu, na kwamba msimu wa zabibu haujawahi kufika Likasi.

Mchungaji aliitisha baraza. Nami niliitwa, nieleze kifaa hicho ni kitu gani, kwa kuwa ninafanya kazi na mambo ya betri. Kupiga mihuri kulikuwa kumenipa utaalamu.

Tulikaa kwenye mabenchi ya mbele, mvua ikinyesha. Kifaa kiliwekwa juu ya meza, kwenye leso safi, na wote tukakitazama kama mgonjwa.

"Hii kintu," mchungaji aliuliza polepole, "iko sigara ao iko mashini?"

"Iko mashini, pasta," baba alijibu haraka. "Iko na batri. Unaichajika kama telefone."

"Hata kinu ya kusaga iko mashini," mama shemasi alisema. "Lakini ukitoka kule, tunakuona na unga ku nywele."

"Mama shemasi, hii si moshi. Iko mvuke. Hata sufuria ya bukari ku jiko inatoaka mvuke."

"Basi uvute sufuria."

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Mchungaji alikishika kifaa, akakipima uzito kiganjani, akaniuliza betri yake inakaa muda gani. Nilimwambia ukweli: haikai. Ikiamka asubuhi, kabla ya mchana imelala.

Akafikiri. Mchungaji wetu ni mtu mpole asiyependa kumuumiza mtu, na watu wa namna hiyo wakilazimishwa kuamua hutoa maamuzi ya ajabu.

"Mi naona hivi," alisema mwishoni. "Kama batri iko ya kiloko, ile iko dawa. Muntu anakunywa kidogo, anaacha. Lakini kama batri iko mukubwa, ile si dawa tena. Ile iko tabia. Papa atabaki kwa majaribio, na tutaangalia."

Baraza lilikubali. Baba aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Mimi nilitazama chini kwa sababu nyingine: jana yake nilimsikia kwenye simu akimsihi mdogo wangu amtafutie yenye betri kubwa kuliko zote.

Hivyo ndivyo uzee wa kanisa wa baba yangu ulivyoanza kutegemea wahandisi wa kiwanda fulani cha mbali, watu ambao hawajawahi kusikia kuhusu Shituru. Wakiendelea na betri ndogo, baba yu ndani. Wakiweka kubwa katika kila kifaa, yu nje. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza angefanyaje.

"Mama," alisema. Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Pasta alisema tutaangalia. Na miye nitaangalia."

Ile kubwa ilifika kabla ya Krismasi. Ilikuwa kama kipande cha sabuni, nzito, na ubavuni ilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha asilimia zilizobaki. Baba aliificha katika kasha la miwani, na miwani akaanza kuibeba mfukoni, ikakwaruzika. Alikipenda kile kioo kuliko ladha yenyewe. Alikuwa akilifungua kasha mbele yangu, akinionyesha namba, na kulifunga kimyakimya kama mtu aliyekagua stoo na kuikuta imejaa.

Tatizo ni kwamba betri kubwa hula sana. Na msimu ule transfoma ya mtaa wetu iliungua, tukaambiwa nyingine inakuja. Soketi zikabaki mapambo ya ukutani. Kulikuwa na kibanda cha kuchajia simu barabarani, lakini kilitazamana uso kwa uso na meza ya mikate ya mama shemasi, na baba hakuwa tayari kupanga foleni pale akiwa na tabia yake mkononi.

Nilirudi kazini siku moja nikamkuta juu ya bati la jiko, na suruali yake ya zamani ya kiwandani, akifunga paneli ya jua kwa waya. Alikuwa ameinunua, pamoja na betri kubwa ya kuhifadhia umeme, kutoka kwa mchimbaji aliyekuwa akihama Kamatanda. Betri yenyewe iliwekwa barazani kwenye ubao, imefunikwa kitambaa cha meza cha marehemu mama. Wanaume wawili walihitajika kuinyanyua.

"Papa, yote hii juu ya kuchaji kile kintu?"

"Juu ya nyumba," alijibu bila kuniangalia. "Juu ya taa. Radio. Telefone yako."

Nikatazama waya uliotoka kwenye betri hiyo ukipita chini ya mlango mpaka chumbani kwake, na mwishoni nikalikuta kasha la miwani. Ili kukichaji kitu kama kipande cha sabuni, baba yangu alikuwa amejenga kituo cha umeme.

Na kweli tulipata taa, na redio, na simu yangu ilijaa. Kwa wiki chache tulikuwa nyumba yenye mwanga kuliko zote mtaani, na baba alikaa barazani akiwa ametulia, akitoa wingu kubwa la zabibu kila lori lilipopita. Sijawahi kumuona na amani kama ile. Alisema watengenezaji wameelewa hatimaye: hivi ndivyo vifaa vyote vitakavyokuwa, na wale wa betri ndogo wataona aibu.

Kisha jenereta ya kanisa ikafa. Ilikufa Jumamosi mchana, kwaya ikiwa mazoezini, kesho yake tukiwa na ibada ya shukrani na wageni kutoka makanisa mengine. Kama baada ya saa moja mama shemasi alisimama getini kwetu na vijana wa kwaya na toroli.

"Yambo, papa. Tunaomba batri."

Baba alikuwa amekaa barazani. Sigara yake kubwa ilikuwa juu ya kitambaa cha meza cha mama, imechomekwa waya, kioo chake kikiwaka. Hapakuwa na muda wa kuificha. Mama shemasi aliiangalia. Aliiangalia kwa muda wa kutosha kuelewa kila kitu: ukubwa wake, kioo, paneli juu ya bati, na miwani iliyokwaruzika puani mwa baba. Nilingoja sauti ile isiyohitaji kipaza sauti.

Haikuja. Aliinama, akachomoa waya taratibu, akaichukua sigara na kuiweka kiganjani mwa baba, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Ya yako iko kiloko, itangoya," alimwambia. "Ya Mungu iko mukubwa."

Vijana wakainyanyua betri, wakaiweka kwenye toroli na kuondoka nayo, na paneli pia, kwa sababu bila paneli betri ingefaa nini. Baba alisema, "Aksanti," sijui kwa lipi.

Jumapili ile kinanda kililia, vipaza sauti vilifanya kazi, wageni walishangaa. Mchungaji alimshukuru kutoka mimbarini ndugu yetu mwenye betri kubwa, na baba akasimama kupokea makofi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu astaafu mtu kumshukuru kwa kutoa kitu stoo.

Betri haikurudi Jumatatu. Jumanne ilikuwa kwaya. Ijumaa, maombi ya mkesha. Iliporudi kwa siku mbili ilikuwa tupu kabisa, na mawingu hayakuiruhusu kujaa, na kabla haijapata nguvu ya kuwasha hata balbu, toroli lilikuwa getini tena. Baba alikuwa na haki ya kukataa, ila mtu aliyepigiwa makofi na kanisa zima anakataaje? Kila alipoulizwa kama wanamsumbua alisema, "Hapana, hapana, mubebe tu."

Kioo cha sigara kilishuka mpaka sifuri, kikazima. Nilimuona akirudia zile za karatasi. Aliwasha moja uani, akavuta, akaitazama kwa chuki, akaikanyaga. Miezi ya zabibu ilikuwa imemharibia tumbaku.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Aligombana na redio isiyowaka. Aligombana na kuku. Alinishutumu kwamba nimehamisha boksi la nati, ambalo lilikuwa palepale. Alilala mchana mlango ukiwa umefungwa. Nilimpikia alivyovipenda, akaniambia chumvi imezidi. Siku moja nilimsikia chumbani akisema peke yake, kwa Kiluba cha Kasai, maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Niliogopa kuliko nilivyocheka, nikampigia mdogo wangu.

"Ako anaacha," alisema, akaanza kulia huko kwake. "Yaya," akaniita, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "usimupe kintu. Ako anaacha."

Na kweli alikuwa akiacha, ingawa hakuna aliyekuwa ameamua hivyo, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho.

Mvua zilipopungua mchungaji alimwita mbele ya kanisa lote. Muda wa majaribio umekwisha, alisema, na mama shemasi ameshuhudia kwamba papa hanukii tena kitu. Alimwomba atoe ushuhuda jinsi maombi yalivyomfungua. Wakampa kipaza sauti. Waya wake ulikwenda mpaka kwenye betri ya baba, pale chini ya kinanda, na kitambaa cha meza cha mama kikiwa bado juu yake.

Baba alikitazama kile kitambaa, akakileta kipaza sauti mdomoni.

"Mi sitadanganya mu nyumba ya Mungu," alisema. "Si maombi. Mulikamata batri yangu."

Kicheko kililipuka, mabenchi ya nyuma yakapiga makofi. Mchungaji alikuwa akitafuta neno la kulifunika jambo hilo, lakini mama shemasi alikwisha simama mahali pake.

"Na weye unafikiri tulikuwa tunaomba nini?" aliuliza. "Tuliomba jenereta ikufe."

Hakuna aliyejua kama alikuwa anatania. Hata mchungaji hakujua, nilimuona usoni. Baba alicheka pamoja nao, kicheko kirefu ambacho zamani kingeishia kwenye kikohozi na siku hiyo hakikuishia popote. Wakamwekea mikono. Akawa mzee wa kanisa, mwenye jukumu la umeme.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipiga simu kwa furaha. Madukani huko, alisema, sasa karibu zote zina betri kubwa, za kuchaji, zenye kioo. Zile ndogo huzioni. Alitaka kujua kama baba bado anakumbuka alivyokuwa akiuliza.

"Nilibaambia," baba alijibu, akanirudishia simu.

Kinachomsumbua siku hizi ni mikono. Hajui aiweke wapi. Kwa hiyo ananunua karanga mbichi gunia zima, anakaa barazani tangu asubuhi, anamenya. Amemenya zetu, amemenya za jirani, amemenya za kwaya. Jana mama shemasi alileta zake kwenye beseni, akaliweka miguuni pake, akavuta kigoda na kukaa upande wa pili. Nilipotoka kwenda kazini walikuwa wakimenya wote wawili na kubishana ni nani anayevunja punje.